Kicheko cha Afande

Mbale, Jumamosi, 1994

Sikutarajia kuogopeshwa na kitabu cha kuchekesha.

Tulikutana kwa Mwalimu Wafula kuijadili ile riwaya ya zamani ya Kiingereza inayowakejeli watawala. Mwalimu aliisifu sana. Mimi nilisema mwandishi anawadharau wanyonge pia. Ndipo afande mmoja wa magereza, aliyejiunga nasi leo, akasema, "Kitabu hii ni kweli tupu," akacheka.

Kicheko kile nakijua. Huanza kama kikohozi, kisha hupanda. Nilikisikia nje ya mlango wetu siku wanajeshi walipomchukua kaka yangu Hamisi, asirudi tena.

"Afande, uliwahi kukaa Jinja?" nikamuuliza.

"Jinja? Hapana, mama. Mimi hapana fika huko."

Nikajiambia kwamba vicheko hufanana. Nikanywa chai.

Tulipoagana alinishika mkono kwa upole. "Salimia watu ya Bugembe, mama."

Bugembe, nje kidogo ya Jinja, ndiko alikochukuliwa Hamisi. Hapa Mbale sijamwambia mtu kwamba niliwahi kukaa huko.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuwakaribisha. Mwalimu amekwisha kumwelekeza nyumba yangu.