Earphone za Besi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Derick amepata mdomo. Tangu aende Dodoma miezi mitatu kusomea mambo ya sauti, amerudi hasalimii, anapunga tu. Na bigijii! Anatafuna kutwa, taya haipumziki. Leo mazoezini kasimama mbele ya kwaya nzima kama mgeni rasmi. Anasema Jumapili ya tarehe 22, jubilei ya usharika, tutarekodi live, picha na sauti. Kwa hiyo spika zote za jukwaani zinaondolewa. Eti zinachafua rekodi. Kila mpiga chombo atajisikia kwa earphone, waya unatoka kwenye mikseri yake, ile meza ya vitufe vya sauti, mpaka sikioni.

Yaani nitasikia kile ambacho Derick ametaka nisikie.

Miaka kumi na saba napiga gitaa la besi na spika yangu imekaa palepale, kushoto kwangu, naisikia mpaka kwenye goti. Leo ndiyo imekuwa uchafu. Nikamuuliza: hako kadude kataweza sauti ya besi? Akasema inategemea, mama Rebeka, kuna za besi na kuna za kusikilizia redio. Ukikosea kuchagua hutasikia kitu. Basi nichague mwenyewe, nikasema. Mwenyekiti wetu Mzee Nathan akadakia: andika barua, ipite kwenye kamati.

Kwake kila kitu barua. Siku mtu akizimia kanisani tutaandika barua ya kuomba maji.

Nimeiandika palepale kwenye benchi. "Naomba earphone za besi. Ndani ziwe na spika mbili, siyo moja. Zizibe sikio vizuri ili sauti nene isivuje." Fupi, inaeleweka. Hata Mzee Nathan ataielewa.

Jumatano, 4 Juni

Kazini. Msimu wa alizeti, mashine ya kukamua inanguruma tangu saa moja asubuhi. Magunia yametoka Mwankoko, mengine Unyambwa, kila mtu anataka yake ndiyo yapimwe kwanza. Mteja mmoja kanijia juu, eti kaniita mara nne nimemdharau. Mashine iko hapa, kushoto kwangu, mwaka wa kumi na moja huu. Ningemsikia kwa lipi? Nimempimia wa mwisho.

Alhamisi, 5 Juni

Mungu anisamehe, leo nimetamani kumng'oa mtu sikio.

Earphone zimefika. Pakiti tano! Nikashangaa, tano za nini? Kumbe Mzee Nathan kaisoma barua yangu mbele ya kamati: "earphone za besi". Na Mzee Nathan ni nani? Kiongozi wa waimbaji wa sauti ya besi. Akahesabu watu wake, akaanza na yeye mwenyewe, kisha fulani, fulani. Watano. Akanunua tano. Nafika mazoezini nawakuta wazee watano wamekaa mstari mmoja, waya zinaning'inia shingoni, wanatikisa vichwa. Hazijachomekwa popote!

Shikamoo nikampa. Shikamoo haina kosa. Nikamwambia Mzee, hizo ni zangu, mimi ndiye niliyeomba. Akasema kamati imepitisha za besi. Nikasema besi ni mimi. Akasema, "Wewe ni gitaa, mama Rebeka. Besi ni sisi." Wenzake wakacheka. Nikawauliza, mwimbaji anaziba masikio ili asikie nini? Hapo Mzee akabadilika uso. "Sikio halipiti kichwa," akaniambia, mbele ya watoto wa sauti ya kwanza.

Derick kazi yake kutafuna na kuangalia pembeni.

Na Stanley alikuwepo. Yule kijana wa Unyambwa anayepiga besi kwa kijiti cha plastiki badala ya vidole, kama anachokonoa meno. Eti kaja kuangalia tu. Anayeangalia tu anabeba gitaa mgongoni?

Jumapili, 8 Juni

Mzee Nathan kanikabidhi moja baada ya ibada, kwa vidole viwili, kama anatoa sadaka asiyoitaka. Nimejaribu. Takataka! Ndani ina kaspika kamoja, kadogo. Napiga uzi mnene, ule wa sauti ya chini kabisa, nasikia ukucha wangu tu: tak, tak, tak. Sauti yenyewe haipo.

Tena upande wa kushoto umekufa. Hautoi hata hiyo tak. Nikamwambia Derick, hii imezibwa na nta ya sikio la Mzee. Akaipangusa, akaivaa mwenyewe. Akasema inalia, mama. Anamtetea mwenyekiti, nani asiyejua?

Jumanne, 10 Juni

Kamati imekubali nichague mwenyewe, baada ya mimi kusema Jumapili ya jubilei nitabaki nyumbani kuchambua dagaa. Leo nimeomba ruhusa kazini, nikaenda mjini kwa Klara, yule mwenye duka la vinanda na vipaza sauti karibu na soko. Nilienda na gitaa langu. Klara hakupenda. Mwonjo ni mwonjo, nikamwambia, hata tikiti maji linapigwa kofi kabla ya kununuliwa.

Ya kwanza: besi ya kutikisa, bum bum, lakini kila uzi unalia sawa. Huwezi kujua umebonyeza wapi. Hizo ni za vijana wa bodaboda. Nikamrudishia.

Ya pili: safi kwa muziki wote, ila besi imekonda. Nikamrudishia.

Ya tatu: spika mbili ndani, moja ya sauti nene, moja ya nyingine zote. Na sponji, unaiminya, unaiingiza, inavimba taratibu mpaka duka lote linanyamaza. Nikapiga uzi mnene. Jamani! Ilikuja nzima, nene, ya mviringo, na mwisho wake nikausikia mpaka ukakatika. Sijawahi kujisikia hivyo miaka yote kumi na saba. Machozi yalinitoka, mbele ya Klara, mtu ambaye hata simpendi.

Halafu nikagundua inalia kulia tu. Kushoto kimya!

Nikamwambia afungue nyingine ya aina hiyohiyo. Kushoto kimya. Nyingine! Kimya. Nikamwambia dada, umeletewa mzigo mbovu na unatuuzia watu wa Mungu. Akazivaa yeye, moja baada ya nyingine. "Zinalia zote, dada Damari." Mwongo mkavu. Nikasema nitakwenda kumtangaza kwenye matangazo ya kanisa. Akasema niende, ila niache kupiga kelele dukani kwake. Kelele gani? Nilikuwa naongea kawaida!

Nimeondoka na moja ya kujaribu. Wateja wote walikuwa wananiangalia.

Jumatano, 11 Juni

Nimempa Rebeka azivae, ili nipate shahidi dhidi ya Klara. Kavaa, nikapiga. Akasema, mama, zinalia zote mbili. Nikamwambia sikiliza vizuri. Akasema nimesikiliza. Nikamfokea. Nikamwambia kidato cha tatu hicho kimempa kiburi, akaoshe vyombo. Akaenda. Mlangoni akageuka akasema kitu, sikukipata. Nikamuuliza unasemaje? Akasema basi.

Nikabaki na earphone mkononi. Nikazigeuza. Ile ya kushoto, iliyokufa, nikaiweka sikio la kulia.

Ililia.

Baadaye

Nimempikia Rebeka chapati. Hakuniuliza za nini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekuwa naikaza simu sikio la kulia, miaka. Nalalia la kulia nikitaka usingizi, nalala fofofo hata mbwa wa jirani wabweke. Nilijua. Sikujua. Sikio la kufa — wamalizie wenyewe.

Mashine kushoto, spika kushoto. Nilivipanga mwenyewe vyote viwili.

Lakini nina hasira, sina huzuni. Kwanza besi ni moja, haihitaji masikio mawili. Nimwambie nani? Mzee Nathan? Atalitangaza kwenye maombi, "tumkumbuke mwenzetu aliyepatwa na uziwi," na kabla hawajasema Amina, Stanley ameshachomeka waya. Watu hawatoi mtu kwenye kwaya. Wanamwonea huruma mpaka anatoka mwenyewe.

Kwa Klara nitapeleka ujumbe kwamba nimezikubali. Kumwomba samahani siwezi, bado.

Jumatatu, 16 Juni

Derick ni shetani aliyesomea Dodoma.

Leo mazoezi kamili kwa earphone. Akatupangia: kulia muziki, kushoto sauti ya mwalimu wa kwaya. Mwalimu atakuwa na kipaza sauti kidogo, anatuongoza sisi wapiga vyombo tu: rudia kiitikio, ubeti wa tatu, funga. Kwa kuwa ni jubilei, nyimbo zitarefushwa au kukatwa kadiri Roho atakavyoongoza. Kwa hiyo tumsikilize yeye, siyo mazoea.

Kushoto! Katika masikio yote ya dunia hii!

Nyimbo mbili za kwanza nilimwangalia mpiga dramu mabega, nikapona. Wa tatu mwalimu kafunga ghafla. Wote wakakata. Mimi nikaendelea. Besi peke yake kanisani, dum, dum, dum, hatua mbili nzima za wimbo. Waimbaji wakageuka. Stanley, mstari wa mbele, alijikuna pua ili asicheke. Nikang'oa waya nikasema umelegea. Derick akaja, akaushika, akasema haujalegea. Nikamwambia kazi yako ni kutafuna, siyo kubishana na wakubwa.

Nikamfuata baadaye kwenye mikseri. Nikamwambia niunganishie vyote kulia. Akauliza kwa nini. Kwa sababu nimesema. Akasema, "Mama, nimeshapanga ya watu wote sawasawa. Nipe sababu nikupangie ya kwako." Alinitazama sana. Nikamwambia aangalie yake.

Neno moja tu. Ningelisema pale, angezungusha kitufe kimoja, yakaisha. Nikalimeza. Nitamwambia Derick? Niliyempikia uji akiwa shule ya Jumapili? Heri nife.

Mzee Nathan kaniita nje. Kwa upole, na upole wake naujua. Anasema Jumamosi ni kipimo cha mwisho. Besi ikisumbua tena, Jumapili apige kijana, mimi nipumzike nivae kitenge kizuri nikae na wamama wenzangu. "Hakuna ubaya, binti yangu," akasema, "rekodi ni ya milele."

Kitenge!

Jumatano, 18 Juni

Najifunza midomo. Namwangalia mwalimu tu: "rudia", midomo inakwenda mbele. "Funga", inabana kidogo halafu inaachia. Rebeka ananisaidia. Kakaa mbele yangu jikoni, anasema bila sauti, mimi namjibu. Hatujaambiana tunafanya nini wala kwa nini. Nimepata saba kwa kumi. Anazidi kuzungumza nami akiwa upande wa kulia, na mimi najifanya sioni.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa chumba cha majoho, nyuma ya madhabahu. Mapumziko ya dakika kumi.

Derick alikuwa anapima mtu mmoja mmoja. Kinanda sawa. Dramu sawa. Kwaya nzima imekaa, wazee watano wa besi mstari wa nyuma, Stanley mbele, gitaa miguuni, zipu ya mfuko imeshafunguliwa nusu. Zamu yangu. Nikaingiza sponji, kanisa likanyamaza. Sauti ya Derick ikaja kulia, wazi kabisa: "Mama Rebeka, kulia unanipata?" Nikanyanyua dole gumba. Nikajua sasa anahamia kushoto. Nikakaza macho kwenye mdomo wake. Yuko mbali, nyuma kabisa na mikseri yake, lakini naona. Mdomo ukaanza kwenda. Ukaenda, ukatulia. Hilo ndilo swali. Nikanyanyua dole gumba, juu, na tabasamu kwa ajili ya Mzee Nathan.

Derick hakusogea. Akaniangalia. Halafu akashika kitufe na sauti ikaja kulia, ndogo, mimi peke yangu ndiye niliyeisikia:

"Mama, sijauliza kitu. Nilikuwa natafuna."

Dole langu bado lilikuwa juu. Mzee Nathan akainuka kule nyuma, akauliza kwa sauti ya ibada, "Derick, besi iko sawa?" Watu wote wakageukia kwa Derick. Stanley akainama kwenye zipu. Na Derick, badala ya kujibu, akasema tupumzike dakika kumi, mitambo imepata joto.

Mitambo gani imepata joto? Saa tatu asubuhi, upepo huu wa Juni?

Kwa hiyo ameficha. Au amejipa muda wa kwenda kumnong'oneza Mzee. Au anataka nimwombe. Simwombi! Akimjibu Mzee ndiyo, besi iko sawa, nitakuwa nadaiwa wema na Derick maisha yangu yote. Akisema hapana, kitenge. Na hili sikio zima la kulia linasikia vizuri mno leo, nasikia wanacheka huko nje, nasikia mpaka viti vinavyoburutwa.

Dakika ngapi zimepita? Mlango umefunguka. Ni yeye. Anasema amepiga hodi mara tatu.

Sijanyanyua macho. Naandika tu, asubiri. Kiti kilikuwa wazi huku kushoto, karibu na mlango. Amekiacha. Amepita nyuma yangu, kazungukia majoho yote, amekuja kusimama kulia.

Bado anatafuna.