Suti Ambayo Hukuwa Nayo

Mpendwa Mjomba,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyozungumza mimi na wewe karakanani, hata wateja walipokuwa wakikuita kwa Kiarabu cha Juba. Ulikuwa ukisema kwamba mimi nilikileta kutoka shule ya Kitale, Kenya, kikiwa kizima, na wewe unakivunja kila siku. Nitajaribu kukiandika vizuri, maana picha yako sasa iko ukutani kwetu na nataka ujue ilivyofika hapo.

Simu yako ya zamani uliyonipa bado ninayo. Kioo kina ufa kwenye kona, lakini kamera ni nzima. Ulisema ni ya masomo. Niliitumia kwa masomo, na kila nilipomaliza hesabu nilipiga picha: sufuria, mbuzi wa jirani, miguu ya mama akifagia ua. Hakuna aliyenifundisha. Nilipiga kitu kimoja asubuhi, nikakirudia adhuhuri, kisha nikalinganisha. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba jua la mchana hapa mtaani kwetu Lemon Gaba linawachimbia watu mashimo chini ya macho, na kwamba gunia jeupe la unga, likishikwa upande wenye kivuli, linarudisha mwanga usoni.

Barabarani sikuthubutu. Juba si mahali pa kuinua kamera ovyo, na wewe ndiye uliyenionya, siku ile tulipokuwa tukivuka daraja kwenda Gumbo kununua vyuma. Nilitaka kupiga picha ya mto. Ulinishika mkono ukaushusha taratibu.

"Omba kwanza," ulisema. "Na kama hakuna wa kumwomba, weka mfukoni."

Tangu hapo nimeomba kila mara, na wengi wamekataa. Mama muuza chai wa mbele ya karakana yako aliniuliza kama namtafutia mchawi au mume, kwa sababu kama ni mume angekwenda kuoga kwanza.

Wewe hukukataa. Sharti lako lilikuwa moja, nisikukatize kazi, kwa hiyo ilibidi nijifunze kusubiri. Ulipokuwa ukichomelea niligeukia ukuta kama ulivyoniagiza, nikitazama mwanga wa buluu ukirukaruka kwenye mabati ya mtaa wako wa Hai Mauna. Mlio ulipokatika nilijua kwamba sasa unainua kinyago, nami nikageuka. Picha ninayoipenda kuliko zote niliipata hivyo. Kinyago kiko juu ya kichwa, masizi mashavuni, kovu juu ya jicho, nawe unaitazama bawaba ya lango la kanisa ambayo imekubali kuzunguka. Unakaribia kucheka, lakini bado.

Homa ilikuchukua kabla lango halijapakwa rangi.

Karama ilipokaribia, yaani yale maombi ya kumaliza msiba, mama alitafuta picha yako ya kuweka mezani akakosa. Nilimwonyesha yangu. Aliitazama muda mrefu, akasema ni wewe kabisa lakini haifai. Ndugu wangekuja kutoka Kenya, baadhi yao watu wa ofisini, na hakutaka warudi wakisema kwamba dada yako alikuacha na masizi hata siku ya karama. Sikumlaumu. Wewe uliacha shule ili yeye amalize, na alitaka heshima hiyo ionekane mahali fulani, hata kama ni kwenye kola ya shati.

Tukaenda kwa Opio, yule Mganda mwenye studio karibu na karakana yako. Unamjua. Nusu ya marehemu wa mtaa ule wameagwa wakiwa wamevaa suti zake, maana kwenye kompyuta ana suti zilizosimama bila vichwa, na kazi yake ni kuchagua shingo inayolingana.

"Mimi iko na nyeusi, iko na bluu," alimwambia mama. "Hii ya bluu mchungaji alivaa, ikamkaa sana."

Mama akachagua nyeusi. Nilimwuliza Opio kwa sauti ndogo kama anaweza kuiacha picha kama ilivyo. Akanijibu kwa upole kwamba mambo ya msiba ni ya wakubwa. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani niliwaza kwamba watu watakuja kumuaga mtu mwingine, na kwamba mimi ndiye niliyetoa uso wake.

Tuliporudi kuichukua, ulikuwa na tai. Ngozi yako ilikuwa laini na iling'aa kupita kawaida. Opio alikuwa anasubiri asifiwe. Mama akaipeleka picha karibu na dirisha.

"Kovu liko wapi?"

"Hiyo mimi natoa bure, mama."

Mama akaketi kwenye kile kiti cha wateja. Unajua kovu lile lilikotoka. Mwaka tuliorudi Juba ulikuwa ukiezeka jiko letu, upepo ukainua bati likakukata, nawe ukaendelea kupigilia misumari damu ikikutoka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mama hupika chini ya bati hilo kila siku.

"Rudisha," alisema.

Opio akasema hakuna shida, kovu ni kitu kidogo.

"Rudisha yote. Suti hakuwa nayo."

"Na masizi?"

"Na masizi. Usiguse kitu."

Ndugu wa Kenya walikuja, na hakuna aliyecheka. Mama muuza chai alisimama mbele yako, akakuuliza ile chai yenye tangawizi nyingi sasa atamwekea nani. Shangazi mmoja alitaka kujua picha ilipigwa studio gani. Mama akanivuta mbele kwa bega, akasema, "Studio ni huyu."

Lango limepakwa rangi na wenzako, na bawaba haipigi kelele. Mimi ningali na simu ileile. Natumaini siku moja nitapata kamera ya kweli, lakini bado kuna mengi ambayo hii haijanionyesha.

Jumamosi iliyopita mama alisimama mlangoni mwa jiko, amefunga kitenge chake cha kazi, unga mikononi, akaniambia nilete simu. Nikamwambia nitamsubiri abadilishe nguo.

"Nipige hivi hivi," alisema.

Ni mara ya kwanza mtu kuniomba kabla mimi sijamwomba. Niliegemeza gunia upande wa kivuli, nikasubiri kama nilivyozoea kukusubiri wewe, hadi alipoinua macho kulitazama bati.

Pumzika, Mjomba. Lango lako linafunguka vizuri.

Mpwa wako