Alama ya Profesa

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta inakokotoa tangu asubuhi. Umeme wa mtaani kwangu, Kiseke, umekatika mara mbili, nimeanza upya mara mbili. Humo ndani atomu zangu zimepozwa hadi karibu na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, zinashikana mbilimbili na kutiririka bila msuguano. Spini ya kila moja, ule mzunguko wake wa ndani, imefungwa pamoja na mwendo wake. Nyingine zinavuja na kupotea. Majibu: zikivuja zaidi, jozi zinaimarika. Mazuri mno. Siyaamini.

Jumanne, 4 Machi
Nimeona. Mlinganyo wa Profesa, mstari wa pili. Upotevu ameuwekea alama ya kujumlisha badala ya kutoa. Atomu hazivuji, zinaongezeka! Mzee mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao na Profesa. Nikasema kwa adabu, labda tuupitie tena mstari wa pili. Akacheka. "Mwanangu, haya nimeyafundisha hujazaliwa." Ni msimamizi wangu, na rafiki wa baba tangu Bukoba. Nikaufyata. Makala imetumwa kwenye jarida, majina mawili, lake na langu. Mwoga mimi.

Jumatatu, 19 Mei
Makala imerudi. Mhakiki kaiona alama ile, kaimaliza kwa aya moja. Profesa kaiandikia idara kwamba hesabu zote ni za mwanafunzi. Mwanafunzi ndiye mimi. Fomu yangu ya kuendelea na uzamivu hasaini mpaka nimwombe radhi. Bila saini, Juni natoka chuoni. Namchukia. Nimeandika, basi.

Jumanne, 20 Mei
Nimerudia hesabu kwa alama sahihi. Jozi zinavunjika, kama inavyopaswa. Ila spini ikifungwa zaidi pamoja na mwendo, jozi chache zinadumu. Chache, lakini za kweli.
Baba kapiga simu. Anataka nikampigie goti mzee, yaishe. Kumbe mkubwa hakosei!

Jumatano, 21 Mei
Nimeenda nyumbani kwa Profesa, Buhongwa. Nikapiga goti, kama sisi Wahaya tulivyolelewa. Shikamoo. Marahaba. Nikiwa palepale chini nikamwambia: alama ilikuwa yako, Profesa. Niliiona nikanyamaza. Naomba radhi kwa kunyamaza, kwa hilo tu.
Mkewe akaacha kumimina chai. Fomu nimeiacha mezani.

Ijumaa, 23 Mei
Manyunyu ziwani. Nimefundisha kipindi kimoja. Karani wa idara kaniletea fomu, haina saini. Hakunitazama usoni.
Jioni nimepanga vitabu kwenye boksi. Hesabu sahihi nimeiweka juu kabisa, jina moja, langu.
Baba hapokei simu.