Baraka ya Kuingia mu Jiwe

Ixelles, Bruxelles, 5 janvier 2014

Papa mupenzi,

Jambo sana. Mugongo inaendelea namna gani na hii baridi? Miye niko muzima.

Jumapili iliyopita nilitoka kwenu ku Ganshoren na hasira, roho inaniuma, juu ulinikatalia. Lakini ile safari ya jangwa ya Amerika nitaifanya. Najifunza mawe, Papa, siwezi kuyajua mu bitabu tu. Kule maji ilikata jiwe mpaka ikaacha njia nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na miye nitaingia mule. Mu hii miezi ya baridi mvua ya ghafula, ile inajaza maji mule, haiko mingi. Ninaomba tu unibariki mbele niende.

Mutoto wako,
Myriam

Ganshoren, 9 janvier 2014

Mutoto wangu,

Jambo. Mugongo iko palepale. Maman yako alikupikia sombe, alikungojea bure.

Baraka sitoe. Nilishuka chini ya udongo mu mine ya shaba ya Kipushi miaka ishirini na mbili ili batoto yangu babaki juu. Halafu weye unalipa ndege kwenda kujiingiza mu tundu. Bon, hicho kichwa kigumu ni yangu, najua kwenye ulikitoa.

Donc sikia. Ku mine, muntu hakushuka bila kuacha jeton yake, kile kibati cha namba, ku mulango. Kazi ikiisha, jeton ikibaki pale, bantu banajua mwenzao iko chini, banaenda kumutafuta. Weye nawe acha karatasi: unaingia wapi, utatoka saa ngapi. Tena umuachie muntu wa kelele, haiko muntu wa adabu.

Papa yako,
Nday

Utah, 2 février 2014

Papa,

Jambo. Usishituke, ninaandikia ku kitanda ya hospitali. Niko muzima, ni mguu tu njo ilivunjika.

Nilicheka jeton yako, naungama. Lakini karatasi niliiacha kwa maman wa nyumba kwenye nililala, anasema kupita redio. Mule ndani ya ile njia nyembamba niliteleza ku barafu, mguu ikakwama kati ya mawe, mu maji. Jua haifike kule. Niliimba zaburi zote za Kiswahili, zikaisha, nikaanza za Kifaransa.

Niliandika nitatoka à seize heures, saa kumi ya magharibi. Dakika kumi tu zikipita, yule maman alikuwa amekwisha kugonga milango yote ya jirani, na usiku bantu bakanipata, bakanitoa. Munganga anasema baridi ingenimaliza mbele ya asubuhi. Papa, ni weye ulinitoa mule. Asante, asante sana.

Nilienda bila baraka. Sitaingia tena. Hiyo masomo naiacha.

Mutoto wako,
Myriam

Ganshoren, 12 février 2014

Myriam mutoto wangu,

Jambo, jambo, jambo. Maman yako alisoma barua akipiga magoti, halafu akaniuliza ni papa gani ananyima mutoto baraka. Njo nikakamata hii kalamu. Namushukuru Mungu. Huyu maman wa kelele, umwambie iko na ndugu huku Bruxelles.

Unasema unaacha. Hapana. Rafiki yangu Hilaire alibaki chini, ku Kipushi, tulimutoa amekufa. Kesho yake nilishuka tena na woga, juu ya mukate yenu. Ule woga sikuusema kwa muntu, nikauweka kwako. Unisamehe.

Nilivunja mawe miaka ishirini na mbili, sikujua hata majina yao. Weye unayajua, na miye najivuna. Mguu ikipona, rudi umalize kazi yako. Ninakubariki, mwana wangu. Uingie vizuri, utoke vizuri.

Papa yako,
Nday