Tulivyomsifu Barasa Mpaka Akaharibika

Jumamosi, Al-Sulay, hapa Riyadh, adhuhuri imeshapita. Nje kuna vumbi la rangi ya chai ya maziwa, hata ghala la jirani halionekani. Bora lisionekane, ni baya. Mimi mzima. Mgongo unauma kwa safari ya basi, lakini moyo una raha ambayo shabiki wa timu iliyofungwa jana hapaswi kuwa nayo.

Shajara, tangu jana nimebeba jibu la mke wa mtu, na mwenyewe hajalipata.

Mwenyewe ni Barasa, dereva wa foklifti, mtu wa Bungoma, anayelala chumba cha pili kutoka jikoni kwangu. Leo ameukataa wali wangu. Amenuna. Amewaambia wenzake kwamba yule mzee mpishi ndiye aliyemwaibisha Jeddah mbele ya mkewe. Sikatai. Lakini nilisaidiwa na kambi nzima, sipendi kusifiwa peke yangu.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wapo wanaoisoma shajara hii mtandaoni wakiwa Mombasa wakadhani nazungumzia kandanda.

Hapa ghalani tuliwahi kuwa na bosi Muaustralia, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akawafundisha vijana mpira wa kwao. Mpira umechongoka kama papai. Uwanja ni wa mviringo. Golini kuna milingoti minne na hakuna kipa. Ukipitisha mpira katikati ya ile miwili mirefu, pointi sita. Ukikosa ukapita pembeni yake kidogo, wanakupa moja. Ndiyo, wanakupa pointi kwa kukosa! Nilipoelezwa nikasema laiti watu hawa ndio wangenisahihishia mtihani wa darasa la nne.

Tena ukiudaka mpira uliopigwa kutoka mbali, kabla haujagusa chini, wote wanakupisha upige kwa nafasi yako. Ndiyo maana warefu wanapangwa mbele. Na nyuma ya kila mrefu anawekwa mtu kama Barasa. Kazi yake ni kuruka nyuma ya mgongo wa yule mrefu na kuupiga mpira ngumi, usidakwe. Hauchukui. Haupeleki popote. Anautia ngumi tu, uende zake. Bosi alikuwa na neno lake la Kiingereza. Sisi tulisema kuharibu, na Barasa tukamwita Mharibifu.

Bosi alihamishwa, mipira ikabaki. Kila Ijumaa vijana wanacheza, na mara moja kwa mwaka tunakutana na wenzetu wa ghala la bandarini Jeddah. Miaka yote wao ndio waliokuja kwetu, mpaka jana.

Sasa Barasa. Mungu amsamehe aliyemchora. Ana uso wa mtu aliyeambiwa "ngoja hapa nakuja," kisha akasahauliwa. Mabega membamba, mikono mirefu, na akikimbia utadhani anatafuta choo katika nyumba ya watu. Alicheza misimu mitatu bila mtu kumtaja. Alicheza na kidole kilichovimba. Alicheza ana homa, akatapika nje ya mstari, akarudi kwa wakati. Watu walishangilia wale wa mbele, naye anakunja soksi zake anakwenda kuoga.

Tulimgundua siku aliyokosekana. Kafili, mwajiri anayetudhamini, alimwita kwa mambo ya ikama, kibali cha kuishi, akashinda huko ofisini, na timu yetu ikanyolewa bila maji. Warefu walidaka mpaka wakachoka mikono. Hapo ndipo Otieno, nahodha wetu, akauliza, "Kwani leo nani hayupo?" Tukatazamana. Tulihesabu watu kabla ya kukumbuka jina.

Tangu hapo tukaanza kumpenda, na sisi kambini hatujui kupenda polepole. Mimi nilitunga wimbo. Vijana wakamwandikia MHARIBIFU mgongoni mwa fulana kwa rangi ya ghalani, ile isiyotoka. Akiingia kula wanagonga sahani. Akipiga mswaki wanamwimbia. Mwanzo ilikuwa mzaha, sisemi uongo. Baadaye ikawa kweli, na ikawa mbaya zaidi, maana mtu anayekucheka kwa mzaha huchoka, anayekupenda hachoki.

Yeye alikuwa akiniambia, "Mzee, waambie wapunguze. Mimi nikiangaliwa nakosea."

Nikamwambia, "Zoea, mwanangu. Ndiyo umaarufu."

Mkewe anaitwa Nafula, anafanya kazi za ndani Jeddah. Alitangulia yeye. Barasa akamfuata, na hapa ndipo utakapomjua Barasa: wakala alimwambia kuna kazi Riyadh, akauliza ni mbali na Jeddah? Akajibiwa ni nchi hiyohiyo. Akasaini. Alidhani ni kama Bungoma na Webuye, jioni atapanda boda aende kwa mkewe. Tangu afike Saudia, mpaka jana, alikuwa hajamtia machoni. Kuna jangwa zima katikati, na katika jangwa hilo hakuna boda.

Lililomkalia kooni ni hili. Mikataba yao wote wawili inaisha baada ya Idi. Barasa anataka warudi nyumbani pamoja. Madam wa Nafula anataka aongeze miaka miwili. Barasa alimuuliza mkewe kwenye simu, na simu yenyewe madam anaifungia kwenye droo, anamtolea Ijumaa kidogo kisha inarudi ndani. Nafula alisema, "Nitakujibu tukionana. Kwa simu wewe husikiangi."

Kwa hiyo jana wenzake walikwenda Jeddah kucheza mpira. Barasa alikwenda kuchukua jibu.

Basi letu likapasua tairi njiani. Tulifika wapinzani wameshapasha misuli, wengine wameshapoa tena. Nafula alikuwa pale kwenye kamba ya watazamaji, na abaya lake, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Barasa akashuka mbio. Mbele ya watu wote wale, wakapeana mikono kama wajumbe wa harusi.

"Umekonda," akasema mkewe.

"Ni chakula cha huyu mzee," akasema Barasa, akinionyesha.

Hayo ndiyo maneno waliyopata. Otieno akamvuta akabadilishe nguo. Jibu likasubiri mwisho wa mchezo. Nafula alipewa ruhusa mpaka magharibi, muda ulitosha.

Nikakaa naye mimi, kwa kuwa ndiye mzee, na kwa kuwa nilitaka kuona.

Mrefu wa Jeddah anaitwa Winchi. Ni Mganda, kimo chake ni cha kufungia taa bila ngazi. Mpira wa kwanza ukaja juu, Winchi akanyoosha mikono, na kutoka nyuma yake ikatokea ngumi moja nyembamba. Pu! Mpira nje. Sisi tukalipuka.

Nafula akageuka. "Mzee, yule ni bwana yangu?"

"Ndiye."

"Mbona hashiki mpira? Kwani hana mikono?"

"Anayo, mama. Amewekwa kuharibu."

"Kuharibu anajua, hata redio yangu aliharibu." Akatazama tena, ngumi nyingine, mpira nje. "Ndiyo hiyo tu amekuja kufanya Saudia?"

Wanawake wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nilijaribu kumweleza kwamba kazi ya mumewe ni mambo yasitokee. Akaniuliza mtu atapigiwaje makofi kwa jambo ambalo halikutokea. Mimi ni mpishi.

Lakini nilimwona Winchi. Kila akiinua mikono anatazama nyuma kwanza. Alishaanza kumwogopa mtu mwenye mabega ya hanga la nguo. Kufika robo ya mwisho tulikuwa mbele, kidogo lakini mbele, na Winchi hajadaka hata mmoja.

Ndipo shetani akanitekenya.

Nilimtazama Nafula, anapiga miayo. Nikafikiri: huyu ataondoka hapa hajaona mumewe akifunga, na ndilo jambo la pekee ambalo angelielewa. Nikasimama nikaimba, "Barasa mbele! Barasa mbele!" Kambi nzima ikadaka. Wakagonga ndoo. Jeddah nao, mbwa wale, wakatusaidia kuimba, kwa nini wasisaidie?

Nilitaka nini hasa? Nusu yangu ilitaka apate sita zake mbele ya mkewe. Nusu ilitaka kuona akijaribu. Usiniulize ipi ilikuwa kubwa.

Otieno akaja kwenye kamba jasho linamtoka. "Mzee, nyamazisha hawa watu, mnaniharibia timu."

"Mimi napika tu, Otieno. Polisi sio mimi."

Barasa kule nyuma anatikisa kichwa, anapunga mikono, hataki. Ndoo zikazidi. Otieno ana moyo wa mkate, akampeleka mbele. Timu nzima ya Riyadh ikashangilia kuvunjwa kwa ukuta wake.

Na huwezi kuamini, mpira wa kwanza ukamdondokea kifuani. Akaudaka kama aliyerushiwa mtoto wa watu. Refa akapuliza. Wote wakampisha. Yuko mbele ya milingoti, karibu, katikati kabisa, pahali ambapo bibi yangu, Mungu amrehemu, angefunga kwa kandambili.

Hapo ndipo honi ilipolia. Dereva wa madam, kabla ya wakati. "Yalla, Nafula, yalla! Madam ana wageni." Nafula akainuka. Barasa, mpira mkononi, akamwona mkewe amesimama anakusanya abaya lake.

Badala ya kutazama milingoti akatazama gari.

Akapiga kwa ugoko. Sijapata kuona mpira ukienda kwa aibu namna ile. Ulipanda kidogo, ukajifikiria, ukageukia pembeni, ukapita nje ya mlingoti mrefu ukiyumba kama mlevi anayetafuta kitasa.

Pointi moja.

Jeddah walisimama wakampigia makofi kwa heshima zote. Watu wetu, wapenzi wake waliomwandika mgongoni, walicheka mpaka wakashikana. Nilicheka mimi kuliko wote, machozi yalinitoka. Na tulipokuwa bado tunafuta macho, Winchi akadaka kwa raha, hakuna mtu nyuma yake, sita. Akadaka tena, sita. Mchezo ukaisha, halas.

Barasa hakuona hata hayo. Alikuwa ametimka getini na njumu zake. Gari lilikuwa limeshakunja kona. Alisimama kwenye vumbi lake, mgongo umetuelekea, na mgongoni tumeandika MHARIBIFU.

Hapo tukaanza kukusanya ndoo zetu. Kisha mtu mmoja akacheka tena.

Asichokijua Barasa ni kwamba mkewe, akipita mbele yangu, alinishika mkono wa kanzu akaniachia maneno. Nilikuwa tayari kuyatoa palepale. Nikamfuata Barasa kwenye basi, nikamwita jina. Akajifunika taulo usoni akasema, "Mzee, usiniongeleshe."

Haya. Mimi nimelelewa kwa adabu, mtu akisema nisimwongeleshe simwongeleshi. Nilimtii kutoka Jeddah mpaka Riyadh. Nilikaa kiti cha nyuma yake nikila njugu. Alipumua usiku kucha kama mgonjwa, nami nikatii. Vijana wakimwambia "pole Mharibifu" alikuwa anajikunja zaidi, nami nikatii. Asubuhi nikampelekea chai, akaisukuma. Mchana wali, akausukuma. Kuna ukatili ambao unafanana sana na heshima, na mimi uzee wangu wote nimeupendelea huo.

Lakini ukweli ni kwamba kufikia leo adhuhuri nimechoka kucheka peke yangu. Kumtesa mtu ambaye hajui anateswa hakuna ladha, ni kama pilau bila bizari. Nilichungulia chumbani kwake. Ameigeuza fulana ndani nje na anaisugua kwa brashi ya viatu. Ile rangi haitoki, Barasa. Nilikwambia.

Najua unasoma huku, wote mnasoma, mnajifanya tu hamsomi. Haya, umevumilia matusi yote mpaka hapa chini. Mkeo alisema hivi, nami sikuongeza neno:

"Mzee, mwambie sisaini. Nikitoka kwa madam ni ndege, mimi na yeye. Nilikuwa nimeamua kuongeza, nisikudanganye. Lakini si umeona vile amepiga huo mpira? Mtu wa namna hiyo utamwachaje peke yake miaka miwili?"

Akaenda hatua mbili, akarudi, dereva anapiga honi kama mwendawazimu.

"Na umwambie ile ya ngumi ndiyo nilipenda. Yule mrefu alikuwa karibu kulia."

Ndilo hilo. Lako. Nimelibeba bure tangu jana na sitaki ahsante.

Sasa nabonyeza kitufe, haya maneno yaende. Kisha nitavuta kiti nikae mbele ya mlango wake, nione huo uso wa kusahauliwa unavyofanya mtu akikumbukwa. Atacheka kwanza, au atatoka ananitafuta na kiatu mkononi? Akirusha kiatu sitasogea. Najua kitapita pembeni.