Mpunga Juu ya Paa la Tena

Mama, hamjambo huko Ahero kwenye mashamba ya mpunga? Hapa mtaani Tena ukungu wa Julai umelala juu ya paa, na ndani yake mpunga wangu umeota katikati ya nguo zilizoanikwa. Nilimwaga mbegu za aina tatu kwenye makarai ya matope, nione ipi itachomoza vizuri bila kupandikizwa.

Jana narudi, nakuta Shangazi ameng'oa miche yote, ameichanganya na kuipandikiza kwa mistari!

"Ilikuwa imebanana, mwanangu. Mikono ilikataa kutulia."

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa ameshika kiuno, vile wewe hushika ukitoka kuinama shambani ukipandikiza.

Nimemwaga mbegu upya leo. Naota shamba limejiotea lenyewe, Mama, na wewe katikati yake, umesimama wima.

Wako, Akinyi