Anayetumia Intaneti Yetu Ndiye Anayemchekesha Mama

Shangazi mshauri, shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: namjua anayetumia intaneti yetu vibaya, na nimenyamaza.

Mama ni fundi cherehani, duka lake ni sebule yetu na oda nyingi zinaingia kwa mtandao, sasa kampuni ya intaneti imetuandikia kwamba laini yetu inapakua filamu za wizi na wakiona tena wanakata, na kwa kuwa waliandika kwa ile lugha ya shuleni ni mimi niliyemsomea mama, yaani nilijitafsiria mashtaka yangu mwenyewe, maana nilipomaliza tu akasema, "Lete simu. Humu ndani nani mwingine anayajua mambo hayo?" Mimi hata kumjibu mwalimu naona haya. Nikaitoa.

Lakini nikabaki najiuliza. Simu yangu imezimwa, imefungiwa kabatini, ya mama nayo imezimika chaji, mbona taa za kile kiboksi cha intaneti bado zinachezacheza? Nikachomoa waya. Upande wa pili wa ukuta, kwa kinyozi, wateja wakapiga kelele: "Aah! Kinyozi, rudisha filamu bwana, anauawa!" Nikarudisha, wakatulia. Nikachomoa tena, Shangazi, kwa utafiti tu. Wakamtukana.

Nywila mama aliiandika kwa chaki ya kushonea kwenye kioo cha kujipimia, ili wateja waangalie mishono wakisubiri. Na kinyozi habanduki pale, shati lake kila mara linataka kupunguzwa kiuno. Ila ndiye pekee anayemchekesha mama mpaka anasimamisha cherehani. Nikisema, kicheko kinaisha. Nikinyamaza, laini inakatwa na mama haniamini tena. Nifanyeje? Nasikia ndara za mama zinakuja mlangoni, nami nimechoka kuificha karatasi hii, acha aione.

Mtoto wa Fundi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kusingiziwa, na hongera kwa utafiti, ingawa ile mara ya pili ilikuwa uchokozi.

Sasa nikugombeze: nani alikupa kazi ya kulinda kicheko cha mama yako? Yeye ni mtu mzima, na kinyozi ana ndevu zake. Kama mama hakuisoma karatasi ile, mwite leo wateja wakiwa wamejaa kule, zima simu zote mbele yake, mpe waya auchomoe mwenyewe. Masikio yake yatamaliza kesi. Futeni kioo, badilisheni nywila. Kisha mama, kwa kuwa laini ni yake, aieleze kampuni ukweli wote, wewe utafsiri bila kupunguza neno. Na simu yako idai, kwa adabu lakini kwa sauti.

Kinyozi mwachie mama. Wewe tazama tu: nywila ikishabadilika na shati bado likataka kupunguzwa, utajua alikuwa anafuata nini.